Inamngoja Zephaniah

Voi,
3 Agosti 1998

Dada Wakesho,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Bomeni na kwamba joto la Taveta halijakumaliza. Huku kwetu ni salama. Mama hajambo, yuko Mghange na shamba lake la nyanya, na kila nikipanda mlimani ananiuliza habari zako kana kwamba mimi ndiye niliyekuficha.

Najua ni muda hatujaandikiana. Mambo yalikuwa mengi, na pengine kila mmoja wetu alikuwa na lake moyoni. Tuyaache hayo.

Nakuandikia kwa ajili ya kazi. Ushirika umenunua mfumo mpya kutoka Nairobi. Ni programu ya vipande, kila kipande wanakiita moduli. Kuna moduli ya mizani, ya ghala, ya malori, na ya malipo ya wakulima. Unaweza kuchomoa moja ukachomeka nyingine bila kugusa zilizobaki. Bodi imeupenda sana. Lakini Mzee Mansur, unamjua meneja wetu akishashika jambo, hataki kuiacha ile programu yetu ya zamani tunayoiita injini, inayopeleka kazi kutoka meza hadi meza. Anasema wakulima wameizoea kwa sababu haipendelei mtu. Anataka injini na mfumo mpya viungwe, vifanye kazi pamoja. Uzinduzi ni tarehe 26 Septemba pale bohari ya Mghange, na mgeni rasmi atatoka Nairobi.

Nimejaribu mpaka nimechoka. Mizani inapima nyanya, injini imekaa tu kama haijaambiwa kitu. Nimekukumbuka wewe, kwa kuwa ulinisaidia sana wakati ule wa kuitengeneza. Naomba unisaidie tena. Ndugu ni ndugu.

Wako,
Zephaniah


Bomeni,
9 Agosti 1998

Zephaniah,

Nilianza kuisoma barua yako nimesimama dukani. Nilipofika pale uliposema nilikusaidia, nikaketi.

Nilikusaidia. Miaka miwili nilikaa chumba cha nyuma cha ofisi ya Voi nikiandika injini ile, nawe ukipita kunywa chai yangu na kuniuliza lini nitaacha michezo ya kompyuta niolewe. Siku bodi ilipokuja kuiona, mimi nilikuwa kitandani Mghange na malaria, na Shangazi, mama yako, akinikanda maji. Ulikwenda kwa niaba yangu. Ulirudi ukiwa Mkuu wa Kompyuta. Nilipopona nikasema injini ni yangu, ukaiambia bodi kwamba homa imenipanda kichwani, na ukacheka. Mzee Mansur alinieleza hayo yote, hata kicheko. Wiki ile ile nikaambiwa hakuna tena meza yangu. Sasa nawapigia watu barua na fomu kwa kompyuta moja kuukuu, na wateja wangu wananiita dada wa mashine.

Nina hasira nawe, Zephaniah, na sina haja ya kuificha. Ninaamka nayo na ninalala nayo. Ninachotaka kwako ni kimoja, na unakijua: usimame mbele ya bodi ile ile, useme injini ni ya nani.

Hata hivyo nitakusaidia. Sitaki kazi yangu ifie mikononi mwa mtu asiyejua inapumulia wapi.

Injini haijui nyanya, haijui lori. Inajua zamu peke yake: nani amemaliza, nani anafuata. Moduli nazo zinajua nyanya na malori lakini hazijui zamu. Usijaribu kuifundisha injini mambo ya mizani, wala usiingie ndani ya moduli kuzichokoa. Weka mjumbe katikati yao. Mizani ikimaliza, mjumbe anaiambia injini, "imeisha". Injini inaangalia zamu ni ya nani, inamngoja mtu huyo aidhinishe, ndipo inamtuma mjumbe kwa moduli ya ghala kusema "anza". Basi, ni hivyo tu mpaka lori linapopewa karatasi ya kutoka getini.

Mjumbe huyo nimemwandika mwenyewe. Nakutumia disketi mbili, zitakuja na dereva wa basi la Taveta. Ukiziweka, kwa kila hatua utaulizwa ni nani anayeidhinisha. Hapo jaza unavyoona. Wewe ndiye mwenye injini, sivyo?

Wakesho


Voi,
30 Agosti 1998

Dada,

Maneno yako ya kwanza nimeyasoma na nimeyaweka kando. Mtu akiwa na uchungu husema mengi. Hayo ya bodi tutaongea siku moja tukiwa wawili.

Disketi zimefika na zimefanya kazi. Nilipoona mizani imepima na injini imeamka, na ghala nayo ikafuata, nilipiga meza mpaka kikombe kikaanguka. Mzee Mansur aliitwa kutazama. Alisema, "Mashallah, sasa hili dude lina akili." Bodi nzima imepewa habari.

Kuhusu wa kuidhinisha, nimejiweka mimi kila mahali. Mizani, uchambuzi, ghala, upakiaji, geti. Makarani wa Mghange siwaamini, wanapenda kupitishiana mambo ya jamaa zao. Sasa hakuna nyanya itakayotoka bila neno langu la siri. Kila hatua inaandika kwenye skrini jina la anayengojwa, na hilo mgeni rasmi atalipenda.

Siku hiyo mimi mwenyewe nitatoka bohari asubuhi niteremke hapa Voi kumlaki mgeni na kumpandisha mlimani kwa gari la ushirika. Nimeshashona suti. Je, kuna kitu kimebaki?

Zephaniah


Bomeni,
4 Septemba 1998

Zephaniah,

Katika disketi nilizokutumia hakuna kilichobaki. Umejiweka kila hatua, vyema sana. Siku hiyo kila mtu atalisoma jina lako. Nenda ukamlaki mgeni, hiyo ndiyo kazi uliyozaliwa nayo.

Wakesho


Mghange,
12 Septemba 1998

Mwanangu Wakesho,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Miguu inauma kidogo lakini shamba linaendelea. Ile njia iliyochukuliwa na mvua za El Nino imetengenezwa, lori sasa linafika mpaka bohari.

Zephaniah ameniambia mnaandikiana tena. Nilimaliza kumsikiliza nikaingia jikoni nikalia, kwa furaha. Nyinyi wawili mlinyonya nyumba moja. Tangu mama yako afariki, mimi sijawahi kusema huyu nimemzaa na huyu sikumzaa. Mlivyokaa mwaka mzima bila kusalimiana nilikuwa mtu wa kuamka na kichwa kizito.

Sasa nikupe habari njema. Siku ya sherehe nyanya zangu ndizo zitakuwa za kwanza kwenye mizani. Kaka yako amepanga hivyo. Za Josephat jirani yetu zitafuata, halafu za wengine. Mnunuzi wa Mombasa atazingoja jioni ile ile. Mwaka huu zimekubali sana, na pesa yake nataka kurudishia mabati ya nyumba yaliyong'olewa na upepo. Nitavaa lile gauni la kwaya. Njoo, mwanangu. Nataka uone kitu ulichomsaidia kaka yako kutengeneza.

Shangazi yako,
Tryphena


Bomeni,
17 Septemba 1998

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kwamba nyanya zimekubali. Sitaweza kuja.

Nakuomba kitu kimoja na usiniulize sababu. Usichume siku ya sherehe. Mwache mwingine awe wa kwanza, wewe uchume siku inayofuata. Tafadhali, Shangazi, nisikilize.

Wako,
Wakesho


Mghange,
28 Septemba 1998

Wakesho,

Umefurahi sasa?

Nitakueleza yaliyotokea, ingawa naamini unayajua. Niliteremka Voi asubuhi kumlaki mgeni rasmi. Hakuwapo. Tukaambiwa gari lake limeharibika Maungu, nikafuata huko. Maungu nikakuta watu wake wamekaa hotelini wanakula nyama, na yeye bado yuko njiani kutoka Mombasa ambako alilala. Nikangoja. Ningefanyaje? Mgeni rasmi haachwi.

Huku Mghange Mzee Mansur aliona watu wamechoka na jua, akaamuru kazi ianze, mgeni ataikuta ikiendelea. Nyanya za Mama zikawekwa kwenye mizani mbele ya umati, kwaya ikiimba. Mizani ikapima. Skrini ile kubwa ambayo mimi mwenyewe niliagiza igeuzwe watu waone, ikaandika: INAMNGOJA ZEPHANIAH. Karani akasema neno langu la siri halijui. Wakaweka za Josephat. INAMNGOJA ZEPHANIAH. Wakaweka za Mumbe, za kina nani sijui. Skrini ikajaa jina langu kuanzia juu mpaka chini. Kwaya ikanyamaza. Lori limepakiwa nusu kwa mkono, lakini geti halitoi karatasi, na dereva haendi bila karatasi kwa sababu ni mimi niliyemwambia nitamfukuza akienda bila karatasi.

Mwanabodi mmoja akauliza, "Huyu Zephaniah ndiye nani, Masihi?" Watu wakacheka mpaka wakashikana.

Nilifika na mgeni jua likiteremka. Niliidhinisha nikiwa na suti, jasho linanitoka. Lori lilipofika Mombasa mnunuzi alikuwa ameshanunua kwingine. Nyanya zilirudi zimelainika, zimemwagwa kwa ng'ombe. Mama alikuwa amechuma shamba lote, mpaka zile zilizoiva sana, eti mgeni aone wekundu wake.

Nimejaribu kubadilisha majina. Injini inakataa. Tangu siku hiyo nimehamia hapa bohari, sitoki kwenye kiti. Nikienda msalani mizani inasimama. Jana ibada imenipita. Makarani wakinipita dirishani wanaambiana, "Twende, tunamngoja Zephaniah." Na Mzee Mansur ameniuliza kwa upole, upole ule wake mbaya, "Kijana, mbona aliyetengeneza hajui kuifungua?"

Kuna kitu ulinificha. Sema ni nini.

Zephaniah


Bomeni,
3 Oktoba 1998

Zephaniah,

Ndiyo, nimefurahi. Nimeisoma barua yako mara mbili, na pale pa Masihi nikairudia tena.

Nilichokuficha ni disketi ya tatu. Ina moduli moja ndogo inayoitwa Kaimu. Mtu akiwa hayupo mezani, injini inampa kaimu wake zamu, na kazi inaendelea. Ningeweza kukutumia pamoja na zile mbili. Niliiacha ndani ya mkebe wa majani ya chai, nikakaa nikingoja. Sikuharibu chochote. Sikukuambia ujiweke kila meza, wala sikukutuma Maungu. Nilikuwa nakujua tu. Hujawahi kusikia kuna mgeni mkubwa ukabaki nyuma ya meza.

Na majina hayabadiliki wakati kuna kazi kwenye foleni. Niliiandika hivyo makusudi, karani asije akamwibia mwenzake zamu katikati. Foleni yako haijakauka tangu siku hiyo kwa sababu wakulima wanaleta kila kukicha. Mtu aliyeitengeneza angelijua hilo bila kuuliza.

Simama mbele ya bodi, useme. Siku Mzee Mansur atakaponiandikia kwamba umesema, disketi itapanda basi.

Mwambie mama yako nilimuonya.

Wakesho


Mghange,
10 Oktoba 1998

Wakesho,

Zephaniah amenisomea barua yako. Hakutaka, nilimnyang'anya, kisha macho yakanishinda nikamrudishia asome.

Ulinionya, ni kweli. Nilisoma barua yako ya kuniambia nisichume nikasema, huyu mtoto bado ana kijicho na kaka yake, hataki nyanya zangu zimpambe. Nikachuma zote ili nikuonyeshe. Hilo ni langu.

Lakini uliniambia nimwache mwingine awe wa kwanza. Mwingine ni nani? Ni Josephat. Ni Mumbe, na mumewe mgonjwa. Ulitaka zao zioze, zangu zipone. Hapo ndipo uliponiumiza, si nyanya. Mabati nitayapata mwaka mwingine.

Aliyoyafanya Zephaniah nimeyajua sasa. Kumbe siku zile nilipokuwa nakukanda ukiwa na homa, yeye alikuwa Voi anakuvua nguo mbele ya watu. Sikujua. Nimemwambia akaseme kwa bodi. Anaogopa kazi yake, ana mtoto mdogo, anasema nimpe muda.

Mimi ni mtu wa kanisa, unajua. Lakini nilizaliwa katika nyumba ya Wadawida, na kwetu mtu mwenye hasira na ndugu yake haachwi nayo. Anaombwa atase. Anachukua maji mdomoni, anayapuliza nje, anasema hasira yangu imetoka nayo, watu wangu wapone. Asipofanya, nyumba haitulii. Yule ng'ombe aliyekula nyanya zile amekufa kwa kuvimba tumbo. Sisemi ni wewe. Nasema nimechoka.

Nakuja Bomeni na maji ya chemchemi ya kwetu. Nakuomba utase, mwanangu. Kwa ajili yangu.

Tryphena


Bomeni,
18 Oktoba 1998

Zephaniah,

Mama yako alifika juzi mchana. Alikuwa amebeba chupa ya juisi imejaa maji ya chemchemi, ameifunga kwa leso asije akayamwaga njiani. Miguu imemvimba. Nilimpikia, nikamkanda miguu kwa maji ya moto kama yeye alivyonikanda mimi, na muda wote huo hakutaja jina lako. Alizungumza habari za kwaya.

Kisha akamimina maji kwenye kikombe akanipa. Tulitoka nje, tukasimama nyuma ya duka, tukaelekea upande wa mlima ingawa kutoka hapa hauonekani. Nikayatia mdomoni. Yalikuwa bado yana ile ladha ya mawe. Mama yako alifumba macho akangoja.

Nilitaka kuyapuliza, nakuapia. Kwa ajili yake ningefanya karibu kila kitu. Nikafikiria Josephat na Mumbe, nikaona aibu, kwa sababu Shangazi amesema kweli juu yao na sina la kujitetea. Nikamfikiria na mwanao mdogo. Halafu nikakukumbuka ukicheka mbele ya bodi, ukisema homa imenipanda kichwani, nami nimelala kwenye kitanda cha mama yako. Nikayameza.

Alifumbua macho akaona koo langu likishuka. Nilidhani atanipiga kofi. Alichukua kile kikombe akakipangusa kwa leso akasema, "Ni afadhali. Ungetasa kwa uongo ningejua, na hiyo ni mbaya zaidi." Akaomba chai.

Nilipofungua mkebe wa majani kumpikia hiyo chai, disketi ya tatu ilikuwa pale juu. Nimempa. Ameiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo, na kabla hujaisoma barua hii atakuwa ameshakupa. Iweke jioni hii. Kila hatua ipe kaimu, makarani ni watu wazima. Nyanya za watu zipite, maana wao hawakunikosea, na kosa nililowafanyia nitawaomba radhi mwenyewe, nyumba kwa nyumba, siku nitakayopanda Mghange.

Kwa hiyo sina tena cha kukufungia. Unaweza kuinuka kwenye kiti hicho, ukaenda ibada, ukawalaki wageni wote wa Kenya. Ukitaka kunyamaza maisha yako yote, hakuna mashine itakayokuzuia wala skrini itakayoandika jina lako.

Yale maji yaliyobaki mama yako ameniachia. Chupa iko dirishani, imefungwa vizuri. Alisema hayaharibiki upesi.

Injini sasa haimngoji mtu. Mimi ndiye ninayekungoja.

Wakesho